Maalim Aliyekwenda Lisbon Kutakwa Radhi

Nilistaafu Alkhamisi. Ijumaa nikaamka alfajiri kama kawaida, nikasali, nikavaa viatu vyangu vya kutembelea, nikachukua kanga yangu iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio, na nimeshafika mlangoni ndipo nilipokumbuka kuwa sina mtu wa kumuongoza. Alikuwepo paka tu. Nikamuinulia kanga. Akanitazama, akageuka, akaenda zake jikoni. Sikushangaa, maana watalii wetu wengi walikuwa hivyo hivyo.

Wanangu wa ofisini, siku ya kuagana mlinambia, midomo imejaa keki, "Bi Zuwena, tuandikie japo kidogo, tujifunze." Haya, naandika. Ya mishahara na vyeo siyagusi, yatanipandisha presha bure. Nitakuelezeni vipi nilianza, nani alinifunza, na kisa cha Maalim Nassor ambacho nyote mmekisikia nusunusu na kila mmoja wenu anakitia chumvi yake. Mie nilikuwepo toka mwanzo mpaka mwisho, na nakwambieni hakihitaji chumvi.

Wakati ule ofisi yetu ilikuwa Ruwi, juu ya duka la mashuka, dirisha linatazama stesheni ya mabasi. Siku ya mwanzo bosi alinikabidhi zana za kazi: filimbi na kofia nyekundu. Filimbi niliipuliza mara moja tu maishani, uwanja wa ndege, nikawakusanya polisi badala ya wageni. Kofia haikukaa juu ya mtandio, kila nikigeuza shingo inaanguka. Basi nikaenda nyumbani nikatoa kanga ya marehemu mama, nyekundu ya kupiga kelele, imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone", nikaifunga kwenye mpini wa ufagio. Nnajua siku hizi simu zina ramani. Lakini ramani haimsaidii bibi aliyesahau miwani hotelini. Kanga anaiona, na akiiona anaifuata, na akiifuata hapotei.

Kazi ilikuwa kuchukua familia za hapa Muscat, wengi wao sisi sisi tunaosema Kiswahili majumbani, kuwapeleka Ulaya miezi ya joto, pale ukitoka nje unahisi umefungua mlango wa tanuri. Wenzangu waligawana miji yenye majina. Mie mgeni nikaachiwa Lisbon, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wateja wenyewe walikuwa wananijia juu. "Wareno? Wale tuliowafukuza hapa? Leo tukate tiketi tuwafuate kwao?" Nikawa nawajibu kuwa ukimfukuza mtu nyumbani kwako si vibaya siku moja ukapita kuona yeye anaishi vipi. Wengine walicheka wakalipa, wengine walikwenda Uturuki.

Aliyenifunza kazi ni Selesti. Yeye ni mwenyeji wa kaskazini ya Msumbiji, alihamia Lisbon angali msichana, na ndiye mwenyeji wetu kule miaka yote. Kiswahili chake ni cha kwao, kinachepuka huku na huku lakini kinafika. Siku ya mwanzo tulipoonana hakunipa mkono kwanza, alinitazama miguu.

"Bibi, una magoti?" akaniuliza.

"Nnayo mawili."

"Basi utaujua mji. Lisbon haujuliwi kwa kitabu, unajuliwa kwa magoti."

Wallahi alisema kweli. Wenyewe wanasema mji wao umekaa juu ya vilima saba. Magoti yangu yanasema aliyehesabu alichoka njiani. Na njia zao zimetandikwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi, vimepangwa kwa michoro ya mawimbi, vizuri mno kuvitazama, na vikirowa mvua vinakuangusha bila kukuuliza unatoka wapi. Kwa hiyo neno langu la mwanzo kwenu ni hili: mgeni asipande ndege na makubadhi mapya.

Selesti alinifunza kuusoma mji kutoka juu kuja chini. Juu kabisa pana ngome ya kale, na ngome hiyo kwa karne nyingi ilikuwa mikononi mwa Waislamu wa Magharibi, mpaka mfalme wa mwanzo wa Wareno alipoizingira akaitwaa. Chini ya ngome upo mtaa unaitwa Alfama, na hata jina lake ni la Kiarabu. Vichochoro, ngazi, nguo zimeanikwa madirishani, majirani wanasemezana kutoka ghorofa hii mpaka ile. Mtu wa Mji Mkongwe akifumba jicho moja tu pale ataanza kuulizia njia ya Darajani. Ukizidi kushuka unafika bondeni, na bondeni njia zimenyooka kama zimepigwa rula. Kisa chake kinahuzunisha. Palikuwa na sikukuu yao kubwa, watu wamo makanisani, likaja tetemeko, baada ya tetemeko bahari ikapanda, na pasipofikwa na maji pakafikwa na moto. Wakaujenga upya mtaa ule wote kwa mistari. Kanisa moja juu ya kilima wameliacha hivyo hivyo halina paa, nguzo zinatazama mbingu, na kila nikipita pale nilikuwa nashusha kanga na wageni wangu wanasimama bila kuambiwa.

Mengine mtayajua wenyewe: nyumba zilizovikwa vigae vya buluu, tramu za manjano zinazopanda vilima huku zinalalamika, na ule mfereji wa maji uliopita juu ya matao marefu. Wazee wetu wakiuona tu husema, "Alaa, falaji lao limepaa!" Zipo nyimbo zao za huzuni, mwanamke anasimama na shali nyeusi anaimba mpaka mishipa inamtoka shingoni. Bibi mmoja wa Yiti aliniuliza kwa uchungu kafiwa na nani, na nilipomwambia hakufiwa akasema basi aambiwe ashukuru Mungu. Na yapo maduka yanayouza samaki mkavu wa chumvi, amepangwa kama mbao. Wazanzibari wakiona hivyo hawatoki tena. Wanabonyeza, wananusa, wanambishia muuzaji kuwa ng'onda hapikwi hivyo. Na tafadhalini, waambieni wageni wasifukize udi chumbani hotelini. Mie nimeshasimama barabarani na wazima moto, kanga mkononi, sote tunanukia vizuri.

Sasa Maalim Nassor.

Maalim alisomesha historia hapa Muscat vizazi viwili. Wakubwa wengi wa mji huu ni wanafunzi wake, na mpaka leo wakimuona anakuja wanaficha simu. Kazaliwa Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, kimekaa wima. Kila siku baada ya alasiri anakaa barazani kwake Khuwair ya Kusini na wazee wenzake, pamoja na shemeji yake, Bwana Khalfan, kaka wa mkewe, mtu wa Unguja. Bwana Khalfan ukimwambia jua limetoka atakuuliza umeliona wapi.

Siku moja Maalim alikuwa anahadithia habari za Wareno, vipi walikuja na mizinga wakakaa hapa karibu karne moja na nusu, wakajenga zile ngome mbili za bandarini, mpaka watu wa Oman wakawatoa, wakawafuata mpaka Mombasa wakawatoa na kule. Kila mtu alikijua kisa. Alipomaliza akapiga goti kofi akasema, "Na mpaka leo hakuna Mreno hata mmoja aliyetutaka radhi!"

Bwana Khalfan akasema, "Kwani umeshawauliza?"

Baraza zima likacheka. Maalim, mtu ambaye watu hawakumcheka tangu ameota mvi, akasimama. "Nitakwenda mwenyewe. Nitarudi na radhi yao."

"Na usiporudi nayo?"

"Nitakumiminieni kahawa hapa mpaka nife. Na nikirudi nayo, utamimina wewe mpaka ufe."

"Tumekubaliana," akasema Bwana Khalfan.

Mlio vijana msifikiri jambo dogo hili. Barazani anayemimina kahawa ni mdogo kuliko wote. Yeye anasimama na dalla, birika la kahawa, mkono wa kushoto, wakubwa wamekaa, anazunguka. Ukitosheka unatikisa kikombe, naye anakipokea. Usipotikisa anajaza, na akijaza lazima unywe, na hana ruhusa ya kuuliza kama bado. Sasa mfikirieni Maalim wa historia, mwenye mvi zake, anasimama mbele ya wanafunzi wake waliokaa, anangoja mtu atikise kikombe. Angelikufa kweli, na si kwa uzee.

Wiki ile ile wakaja ofisini Ruwi, yeye na mkewe Bi Salma.

"Bi Zuwena," akasema, "ninataka tiketi mbili za Lisbon."

"Kwa matembezi, Maalim?"

"Kwa madai."

Bi Salma akanikonyeza. "Mie nakwenda kununua vigae vya jikoni," akasema. "Huyo mwandike peke yake."

Tukenda. Na nakwambieni, nimeongoza watu wagonjwa, nimeongoza maharusi wanaogombana, nimeongoza familia iliyobeba sufuria ya wali mpaka ngazi za ngome, lakini sijaongoza mtu kama Maalim. Neno moja tu la Kireno alilojifunza nyumbani, "desculpe", yaani nisamehe. Hakujifunza ili alitumie. Alijifunza ili likija alitambue.

Tukaanza na ule mnara wa Belem, uliosimama pale mto unapokutana na bahari, uzuri wake kama umefumwa na si kujengwa. Zamani vyombo vyao vikienda kwetu vilikuwa vinaaga pale. Maalim akamwendea askari wa mlangoni akamsomea madai yake yote, kuanzia mzinga wa mwanzo. Selesti akatafsiri kwa uso mkavu. Askari akasikiliza kwa heshima, akajibu.

"Anasemaje?" Maalim akauliza.

"Anasema Jumatatu wanafunga."

Hatua chache kutoka hapo lipo sanamu kubwa la mawe, kama omo ya jahazi, na juu yake wamepangwa manahodha wao wote wa zamani wanatazama maji. Maalim akaona hapa ndipo penyewe, wahusika wote wako pamoja. Akasimama mbele yao akawahutubia kwa Kiswahili na kidole juu, akimfikia yule nahodha aliyefika Malindi anapandisha sauti. Watalii wa Kichina wakadhani ni kiongozi wa safari, wakamzunguka, alipomaliza wakampigia makofi. Mie niliinua kanga kumwita, wakanifuata na wao.

Ngomeni juu ndiko alikokwama. Pale mlangoni alikuwepo binti mdogo anakagua tiketi, mchangamfu. Akamsikiliza Maalim mpaka mwisho, akacheka, akamwambia Selesti neno.

"Anauliza," Selesti akasema, "na wao watatakwa radhi na nani, kwa Waislamu kukaa humu ngomeni karne zote zile?"

Maalim hakutaharuki. "Mwambie wale ni wa Magharibi. Sisi ni wa Oman. Amekosea mlango."

Lakini niliona kuwa limemgusa, maana alishuka ngazi zote akampita askari wa chini bila kumdai. Tulikuwa tumebakisha siku moja. Dereva wa tramu alikwishamkatalia, muuza vitumbua vya maziwa na yai alikwishampa kitumbua cha bure akidhani kaomba, na padri mmoja alimwambia atamuombea. Usiku Bwana Khalfan alikuwa anampelekea ujumbe kwenye simu: picha ya dalla tu, bila maneno. Bi Salma alinambia bwana wake ameacha kula. Nikamuonea huruma, wallahi, na huku nataka kucheka.

Siku ya mwisho, alasiri, tukaingia mkahawa wa Dona Amelia, Alfama. Dona ni kama kusema Bibi. Huyu ni mjane, mfupi, mikono minene, mkahawa kaurithi kwa mama yake, na Selesti alikwishanambia kuwa mtaa mzima unaamka kwa kahawa ya mama huyu na hajatokea mtu aliyewahi kubakisha tone kwenye kikombe chake. Selesti akatuagizia, kisha akaondoka na Bi Salma kwenda kubeba vigae. Nikabaki mie na Maalim, na Kireno changu wakati ule kilikuwa asante, maji, na choo kiko wapi.

Kahawa ikaja. Kikombe kidogo, nyeusi, chungu, haina maziwa. Maalim akaitazama, na nikaona uso wake unabadilika.

"Bi Zuwena," akasema, "hii ni kama ya kwetu. Na mimi mjinga nimekuwa ninadai milangoni kama mkusanya kodi. Radhi haidaiwi mlangoni. Inadaiwa kwenye kahawa."

Akachukua kikombe, akakiweka mbele yake, akarudi nyuma, akafunga mikono.

Nyie mnaijua desturi. Mtu mwenye haja kubwa, ya posa au ya suluhu, akija kwako ukampa kahawa anaiweka chini haigusi. Maana yake, nna haja, na sinywi mpaka unikubalie. Na mwenye nyumba hapo haruhusiwi kukaa kimya, lazima aseme, kunywa, haja yako imekwisha. Sasa mnaijua nyie. Dona Amelia aliijulia wapi?

Yeye aliona mzee mwenye kanzu na kofia ya kufuma ameitazama kahawa yake akaikataa. Akaja, akaonja kwa ncha ya kijiko, akatikisa kichwa, akaenda kutengeneza nyingine. Maalim akaipokea kwa adabu zote, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akafunga mikono. Ikaja ya tatu. Mama kabadilisha buni. Ya nne kaosha mashine. "Maalim, kunywa," nikamwambia, "mtu wa watu anahangaika!" Akanijibu, "Analainika." Majirani wakaanza kuingia, muuza samaki, kinyozi na mkasi wake mkononi, wanaonja, wanabishana, wanamtazama Maalim kama hakimu.  Dona Amelia alipoleta ya saba na Maalim akaipanga pamoja na wenzake, yule mama akavua aproni, akatoka nyuma ya meza yake, akasimama mbele yetu, mkono kifuani, machozi yanamlengalenga, akasema, "Desculpe."

Maalim akaruka kama kijana. "Nimesamehe!" akasema. "Kwa niaba ya Muscat na Matrah, na Mombasa, na pwani yote, nimesamehe!" Naye kwa kuwa haja yake imekwisha, na desturi ni desturi, akanywa. Zote saba, zimepoa, moja baada ya moja, na kila akimaliza anasema mashaallah. 

Selesti aliporudi akaelezwa na mtaa mzima kwa mpigo mmoja. Akatuelezea sisi. "Maalim, mama huyu alikutaka radhi kwa ajili ya kahawa. Alidhani mbaya."

Maalim akasema, "Sikio langu hili tangu kwenye ndege limeziba."

"Maalim, umemsikia," nikamwambia.

"Bi Zuwena. Mtu akikutaka radhi humuulizi ya nini. Ni utovu wa adabu." Akamgeukia Selesti. "Mwambie siku yoyote akija Muscat, nyumba yangu ni nyumba yake." Na mie akaninong'oneza kuwa haya ni amana baina yetu. Bi Salma, kigae mkononi, akasema yeye alikuwa dukani, hajui kitu. Maalim hakupata usingizi mpaka tumetua Muscat.

Barazani alihadithia vizuri sana: mwanamke mtu mzima, mkono kifuani, machozi, mbele ya mashahidi. Bwana Khalfan akaja mwenyewe mpaka ofisini kunihoji. "Zuwena, sema kweli mbele ya Mungu. Mreno amemtaka radhi?"

"Amemtaka radhi," nikasema. "Nimemsikia kwa masikio yangu." Hakuniuliza zaidi, na amana ni amana.

Basi Bwana Khalfan akamimina. Miaka. Alimimina kwa kununa, kisha kwa kuzoea, na mwisho nilimsikia anawafunza vijana namna ya kushika dalla. Maalim alikuwa anangojea kikombe chake akinyoosha mkono bila hata kumtazama shemeji yake, na hilo ndilo lililokuwa likimuuma Bi Salma. "Huyu bwana wangu," akinambia, "kushinda kumemharibu kuliko kushindwa."

Mwaka huu, msimu wangu wa mwisho, Selesti akaniletea ujumbe kwamba anakuja Muscat na kundi kutoka Lisbon, wakati wa baridi, na kwamba Dona Amelia yumo, kafunga mkahawa kwa mara ya kwanza tangu aurithi. Nikamwambia Maalim. Akafurahi kweli. Akashona kanzu mpya.

Siku ya mwanzo tuliwapeleka bandarini Muscat ya zamani, kanga yangu mbele. Dona Amelia akazitazama zile ngome mbili juu ya miamba, kiganja juu ya macho. "Nani kazijenga?" akauliza.

Maalim akakohoa. "Wareno."

Dona akazitazama tena, akafurahi. "Kazi nzuri. Mmeshatushukuru?" Maalim akasema jua kali, tupande gari.

Alasiri tukafika Khuwair. Baraza lilikuwa limejaa, wazee wote wamekuja kumuona Mreno wa radhi, na wanawake tumekaa upande wetu na Bi Salma. Tende, halwa, kila kitu. Bwana Khalfan akaingia na dalla, akaanza na mgeni kama inavyopasa. Dona Amelia akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akanusa iliki, akatabasamu. Kisha akakiweka chini kwenye mkeka mbele yake, akarudi nyuma, akafunga mikono.

 Hakuna barazani pale asiyejua maana yake. Maalim akageuka rangi ya kanzu yake.

Bwana Khalfan akasema polepole, "Bibi ana haja. Aseme haja yake."

Dona Amelia akasema, na Selesti akatafsiri, safari hii hana uso mkavu hata kidogo. "Anasema mzee huyu aliikataa kahawa yake mbele ya mtaa mzima, mara saba, mpaka akamtaka radhi kwa kahawa mbaya. Kisha akanywa zote akazisifu. Anasema tangu siku hiyo hana raha. Kama mbaya, alizinyweaje? Kama nzuri, kwa nini alimliza? Na mpaka leo kinyozi akiingia mkahawani anaweka kikombe chini, anafunga mikono, watu wanacheka. Desturi yenu nimemueleza mie Selesti, basi naye amekuja nayo. Hanywi mpaka atakwe radhi."

Bwana Khalfan akakaa chini, dalla mkononi, kama mtu aliyepewa habari ya msiba na ya harusi kwa pamoja. "Kahawa?" akasema. "Radhi ilikuwa ya kahawa?" Akanigeukia. "Zuwena!"

"Uliniuliza kama katakwa radhi," nikamwambia. "Hukuniuliza ya nini."

Sote tukamtazama Maalim. Niliogopa, wanangu. Mtu mzima yule, na wanafunzi wake wamekaa safu nzima. Angeweza kusema sikio limeziba. Badala yake akasimama, akainyoosha kanzu iliyokunjamana magotini, akapita katikati ya baraza mpaka mbele ya Dona Amelia, akaweka mkono kifuani. Akatafuta maneno. Kireno alikuwa na neno moja tu, lile lile alilojifunza ili likija alitambue.

"Desculpe," akasema.

Kisha akamwendea shemeji yake, akainama, akaichukua dalla kutoka mkononi mwake. Bwana Khalfan alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, lakini alimwachia kwa mikono miwili, kwa heshima. Maalim akaishika kushoto kama anavyotakiwa kijana, akamwaga ile kahawa iliyopoa, akamimina mpya. Dona Amelia akainywa yote. Akanyoosha kikombe, hakukitikisa. Maalim akajaza. Akanywa, akanyoosha, hakukitikisa. Maalim akajaza tena, kasimama, jasho linamtoka chini ya kofia, na ruhusa ya kuuliza hana.

Nikamuonea huruma. Nikamwinamia Selesti nikamnong'oneza, "Maskini, mwambie mama wa watu akitosheka atikise kikombe."

"Anajua," Selesti akasema. "Nilimfunza ndani ya ndege. Anangojea ya saba."